Karatasi ya Sigara Mahali pa Fyuzi

Kati ya kazi zote nilizowahi kufanya kwa mikono yangu, iliyonifedhehesha zaidi ilichukua muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Nilikunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaizungushia fyuzi iliyoungua, nikairudisha mahali pake, nikafunga boneti. Kwa kazi hiyo mtu asiye na kosa aliitwa mzembe Singida nzima mpaka siku anaingia kaburini, na mtu pekee aliyeweza kumsafisha jina alikuwa mimi. Sikumsafisha. Naandika haya bila kulazimishwa na mtu, na hilo nalo ni sehemu ya aibu yenyewe, maana tangu mwanzo hakuna aliyenilazimisha.

Nilikuwa fundi redio. Kibanda changu kilikuwa jirani na stendi, pale Singida mjini, kimepakwa rangi ya buluu na kuandikwa kwa mkono wangu mwenyewe: FUNDI MTAALAMU, REDIO, TEIPU NA MUZIKI WA MAGARI. Hilo neno "mtaalamu" naliombea radhi. Miaka ile ya uhaba fundi alikuwa mkubwa kuliko elimu yake. Redio inaletwa imekufa, spea hakuna, unachomoa kifaa kwenye redio nyingine iliyokufa zaidi, inaongea, mwenyewe anakuita daktari. Mimi nikazoea kuitwa daktari. Mtu akinisahihisha mbele ya watu nilikuwa simsalimii wiki nzima.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yaliyokuwa na sabuni mbili na pakiti za viberiti yakajaa vitu mpaka barazani. Nguo za mitumba, baiskeli mpya, sahani za maua, na miziki ya magari kutoka Dubai. Amplifaya zilikuja kwenye maboksi yenye picha za miali ya moto na chui aliyeachama mdomo, na pembeni namba kubwa: wati mia tano, wati elfu moja, wati elfu mbili. Watu waliziamini namba zile kama uzito wa gunia lililopimwa mbele yao. Anayenunua ya elfu mbili alimdharau wa elfu moja, na wote wawili walikuja kwangu niwafungie.

Mimi nilijua. Hapo ndipo penye ubaya wote, kwamba nilijua. Kazi nilifundishwa na mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la redio kabla hajahama, na somo la kwanza aliniandikia kwa chaki juu ya kaunta: volti mara ampea ni wati. "Usisome boksi," aliniambia. "Boksi wameandika wauzaji. Tafuta fyuzi ya mashine, hiyo ameandika aliyeitengeneza." Gari lina volti kumi na mbili. Fyuzi ikisema ampea ishirini na tano, zidisha, unapata mia tatu. Hizo ndizo wati ambazo mashine inaweza kula. Na zile inazokula hazitoki zote kwenye spika, karibu nusu inapotea kuwa joto, ndiyo maana mgongo wa amplifaya unachoma mkono. Kwa hiyo elfu moja ya kwenye boksi, ukiipeleka kwa mtu mkweli, inarudi ikiwa mia na hamsini.

Somo la pili lilikuwa la fyuzi yenyewe. Wateja walidhani fyuzi inalinda muziki. Hapana. Fyuzi ya pale kwenye betri inalinda waya. Unaangalia unene wa waya wako, unajua unaweza kubeba ampea ngapi bila kupata moto, unaweka fyuzi isiyozidi hapo, tena karibu na betri, isizidi shubiri moja. Waya ukigusa chuma njiani, fyuzi inakatika na gari linabaki gari. Ukiweka fyuzi kubwa kuliko waya, basi kitakachokatika ni waya, na waya haukatiki kwa upole. Mzee wa Kihindi alinirudishia somo hilo mara nyingi mpaka nikamchoka.

Sasa nimtaje mzee mwenye gari. Alikuwa mfanyabiashara wa mazao, Mwislamu wa ukoo wa zamani hapo mjini, babu yake alitoka pwani na bibi yake alikuwa Mnyaturu wa Unyambwa. Enzi ambazo mazao yalinunuliwa na ushirika peke yake alikuwa na duka la nguo tu. Ruksa ilipofika akanunua pikapu ya Kijapani iliyotumika, akaanza kuzunguka minadani kununua alizeti na uwele. Kwetu mnada ndio kila kitu: ng'ombe, nguo, nyama choma, wachumba, na mkulima mwenye gunia lake anayetafuta wa kumuuzia. Mwaka wa pili akatokea mnunuzi mwingine, mgeni, mwenye gari linalopiga muziki. Wakulima wakahamia kwenye muziki.

Mzee alikuja kibandani kwangu amebeba boksi la chui.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Jana wamenipita wote, wameniacha nimekaa na mizani yangu kama mgonjwa. Bei yangu na ya yule ni ile ile. Yeye ana muziki tu." Akaweka boksi mezani. "Hii nimeagizia Dar. Wati elfu moja. Nataka nikisimama mnadani, wa Mwankoko anasikia."

Niliitoa mashine, nikaigeuza. Pembeni, kando ya skrubu za kufungia waya, fyuzi yake ilisema ishirini na tano. Hesabu ikajifanya kichwani kabla sijaitaka. Nilitakiwa kusema, mzee, hawa wamekupiga, hii itapiga vizuri lakini si kwa kiasi hicho, na inahitaji waya mnene ambao hapa mjini haupo, tuagize kwanza. Lakini palikuwa na wateja wengine wamekaa kwenye benchi, na wote walikuwa wanalitazama boksi kwa heshima. Ningeonekana nimeishindwa. Nikaisugua mgongo kwa kitambaa nikasema, "Mzee, hii mashine ni ya hatari." Wote wakafurahi.

Pikapu ililetwa na dereva wake. Huyu ndiye ninayemwandikia. Alitoka upande wa Kilimatinde, kule mlimani, Mkristo wa misheni, mrefu, mvuta sigara, mwenye sauti ya kuitisha ibada. Kabila lake na langu ni watani. Sitayataja makabila yenyewe, maana wenyewe wataanza. Tulikuwa tunatukanana vizuri sana. Akifika kibandani huingia bila hodi, anachukua chai yangu anakunywa, ananitangazia stendi nzima kwamba nilijifunza ufundi kwa kuiba redio. Mimi namwambia kwao dereva ni yule anayemshika ng'ombe mkia. Mke wake alipojifungua nilikwenda kudai mtoto ni wangu, wakanipa uji. Ndiyo sheria ya utani, unasema lolote mbele ya yeyote, na haruhusiwi mtu kukasirika.

Waya mnene sikuwa nao. Nilikuwa na kipande cha waya wa kuwekea umeme wa nyumba, uliobaki kwenye kazi nyingine. Kwa waya ule fyuzi sahihi ni ya ampea ishirini, nami niliweka ya ishirini, shubiri moja toka kwenye betri, kama nilivyofundishwa. Kosa nililolifanya siku ile lilikuwa kwenye tundu. Waya unapopita kutoka kwenye injini kuingia ndani ya gari, unatoboa ukuta wa bati, na kwenye tundu lile panatakiwa kipete cha mpira ili bati lisiukate. Kipete sikuwa nacho. Nikazungusha tepu nyeusi ya umeme, nikajiambia nitarudia.

Mnada wa kwanza ulikuwa aibu ya mzee. Dereva alinisimulia. Walisimama, mzee akapandisha sauti mwenyewe kwa mkono wake, besi ikapiga, kuku wa watu wakatawanyika, wakulima wakaanza kusogea na magunia yao. Wimbo haujafika katikati, kimya. Fyuzi imekatika. Ilifanya kazi yake barabara, ilikuwa inasema waya huu hauwezi kulisha mashine hii kwa sauti hiyo. Lakini mnadani kilichosikika ni kicheko cha yule mgeni.

Kesho yake asubuhi dereva aliingia kibandani, akachukua chai yangu.

"Mtani, umetuua. Mzee hajala tangu jana."

"Mmeongeza sauti kupita kiasi."

"Sasa si ndiyo kazi ya sauti? Au ile elfu moja ni ya kutazama?"

Benchi zima likacheka. Nilisikia masikio yanapata moto. Nikatoka nje, nikafungua boneti, nikamwambia anipe pakiti yake ya sigara. Alinipa akidhani nataka kuvuta. Nikachomoa ile karatasi ya fedha, nikaikunja mara tatu, nikaizungushia fyuzi iliyokufa kutoka kichwa mpaka kichwa. Fundi yeyote wa enzi zile anaijua kazi hiyo, na kila mmoja wetu aliwahi kuifanya kwenye redio ya mezani na dunia ikaendelea. Kwenye waya wa gari unaotoka kwenye betri moja kwa moja, sikuwahi. Karatasi iliyokunjwa vile inabeba umeme mwingi kuliko waya wenyewe. Nilikuwa nimeondoa mlinzi na kumvalisha sanamu nguo zake.

Mtani aliinama kuangalia. Hakuwa mjinga.

"Hiyo ikipata moto je?"

"Wewe kazi yako usukani," nilimwambia. "Umeme tuachie waliosoma."

Alicheka, akarudishiwa pakiti yake, akaondoka. Nilimwambia vile kwa utani, lakini nilimaanisha.

Muziki ukapiga. Lazima niseme ukweli kwamba ulipiga vizuri. Kila mnada mzee alijaza pikapu, na akipita stendi alinipungia mkono. Wateja wakaongezeka kibandani, wote wanataka "kama ile ya mzee wa alizeti". Kipete cha mpira nilikipata, kikakaa kwenye droo yangu. Kila pikapu ilipopita nilikikumbuka, na kila mara nilikuwa na kazi nyingine mkononi. Nilikuwa sitaki kufungua boneti ile mbele ya watu na kuonekana narekebisha.

Siku ya moto walikuwa njiani wanarudi mjini mchana, wamebeba magunia ya alizeti. Barabara ya vumbi ile ilikuwa na mawimbi ya kutosha kung'oa meno. Nyuma, juu ya magunia, walikaa akina mama wawili waliopewa lifti, na mzee alikuwa amebaki mjini. Dereva aliona moshi unatoka chini ya dashibodi, akasimama, akawashusha akina mama kwanza. Kisha akafungua boneti, akaushika ule waya kwa mikono mitupu, ukiwa mwekundu, akauvuta kutoka kwenye betri. Aliung'oa. Lakini ndani zulia na kiti vilikuwa vimeshashika, na moto ukapanda kwenye magunia. Alizeti ina mafuta. Pikapu iliungua mpaka ikabaki mbavu.

Mabaki yalivutwa mpaka uani kwa mzee. Niliposikia nilifunga kibanda nikaenda, nikisema nakwenda kukagua. Watu walinipisha, fundi amefika. Moto ulianzia ndani, kwa hiyo mbele kwenye betri palikuwa pamenusurika kidogo. Niliinama kwenye injini, nikakiona kile kikopo kidogo cha plastiki kinachoshikilia fyuzi kimepindika kwa joto, nikakichungulia. Karatasi yangu ilikuwemo, imezunguka kioo cha fyuzi, bado inang'aa. Nilikivuta kikatoka. Nikakitia mfukoni. Mtu mmoja aliniuliza nimeona nini, nikamwambia hakijabaki kitu.

Hilo sikulifanya kwa woga wa ghafla. Nilikuwa na muda wa kufikiri njia nzima kutoka stendi.

Jioni ile, kabla ya magharibi, mzee aliita watu barazani kwake. Walikuwepo ndugu zake, jirani wawili watatu, na mimi niliyeitwa kama mtaalamu. Dereva aliletwa kutoka hospitali, mikono yote miwili imefungwa bandeji. Alikaa chini kwenye mkeka. Mzee hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni tu, akauliza kwa upole: "Mwanangu, gari limepataje moto?"

Mtani wangu alininyooshea mkono wenye bandeji.

"Muulizeni huyu. Huyu ametoa karatasi kwenye pakiti yangu ya sigara akaiweka mahali pa fyuzi. Aliyechoma gari ni huyu."

Alisema kwa ile sauti yake kubwa, sauti ile ile aliyotumia kunitangaza stendi kwamba naiba redio. Pakawa kimya kidogo. Kimya kile nakikumbuka mpaka leo, kwa sababu kilikuwa ni nafasi yangu, na kilitosha. Nikacheka.

Nikasema, "Mnamsikia mtani? Anavuta sigara mpaka gari nalo limejifunza kuvuta, sasa anamsingizia fundi!"

Baraza zima likaangua kicheko. Walihitaji kucheka, siku ilikuwa imewaelemea. Kaka yake mzee alijifuta machozi. Mzee mwenyewe alitikisa kichwa akicheka, akasema, "Nyie watani mtatuua." Dereva alifungua mdomo, akanitazama, na nikaona anatafuta namna ya kusema jambo lile lile kwa uso mwingine. Lakini angekasirika angeonekana mtu asiyejua utani, na mtu anayekasirikia utani kwetu anahesabiwa ana lake jambo. Akaushusha mkono wake.

Kicheko kilipokwisha mzee aliniuliza tena, sasa bila mzaha. "Fundi, tuache mchezo. Fyuzi ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, mzee. Ya ampea ishirini."

Nilikuwa nayo mfukoni wakati nasema.

Hakuna aliyempeleka dereva polisi. Mzee hakuwa mtu wa namna hiyo. Alimwambia tu akapumzike, apone mikono, na wote tulielewa maana yake. Bandeji zilipotolewa alizunguka kwa matajiri wengine wa mjini, na kila mmoja alimwambia atamwita. Akina mama wale wawili walisema kweli kwamba aliwaokoa, lakini waliulizwa kama alikuwa anavuta sigara siku hiyo, wakasema alikuwa anavuta. Ikaishia hapo. Akarudi Kilimatinde kulima uwele.

Ningependa kusema nilikosa usingizi. Nililala. Mtu anaweza kulala juu ya jambo kama hilo kwa miaka, na hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Kilichobadilika ni kazi tu. Nikawa fundi mkali wa fyuzi kuliko wote. Mteja akija na boksi la wati elfu mbili nilimgeuzia mashine, nikamwonyesha fyuzi, nikazidisha mbele yake, nikamwambia aliyemuuzia amemwongopea. Wengine waliondoka wamenuna. Sikufunga tena muziki bila waya unaostahili na kipete cha mpira. Sifa yangu ikakua, wakasema huyu bwana hana mchezo na usalama. Na niliupokea ule usemi nikiinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Mtani alikuja kibandani kwangu mara mbili katika miaka ile. Mara ya kwanza alileta redio ndogo ya mkononi. Nilimwona anavuka barabara, na kabla hajafika, mbele ya benchi langu lililojaa watu, mdomo wangu ukatangulia:

"Haya ficheni petroli, mchoma magari huyoo!"

Mimi ndiye niliyesema. Sio mwingine. Watu wakacheka, naye akacheka, akaingia, akachukua chai yangu.

"Hujambo, mla fyuzi," akasema.

Wakacheka zaidi. Nikamtengenezea redio bure. Alipoipokea aliinyooshea viganja, na nikaona alama. Kila kiganja kilikuwa na mstari mmoja ulionyooka, wa kovu jeupe, unakatisha toka upande hadi upande. Sigara haiwezi kumchoma mtu hivyo. Ilikuwa ni kipimo cha waya wangu wa nyumba, na mjini kote aliyeweza kuusoma mstari ule ni mimi peke yangu. Nikamwambia asiiweke redio juani.

Mara ya pili alikuja mikono mitupu. Alikaa benchi mpaka wateja wakapungua, tukabaki wawili. Alisema binti yake amefaulu, anaingia sekondari, naye kuna tajiri mmoja Manyoni anatafuta dereva wa lori, ila amesikia habari za moto. "Mtani," akaniambia, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, "ungemwambia neno moja tu yule bwana." Nilimwambia nitamwambia. Nilikuwa na nia. Lakini ningemwambiaje bila kumwambia? Nikaahirisha mpaka nikasikia lori limepata dereva mwingine. Hakurudi tena kibandani, na sikumlaumu.

Alikufa kwa homa, miaka kumi na kitu baada ya moto. Habari zililetwa na basi, na pamoja na habari ukaja wito: mtani anatakiwa. Msiba wa kwao bila mtani haujakamilika. Mtani ndiye anayewachekesha wafiwa, anamwigiza marehemu, anakaa juu ya udongo wa kaburi na kukataza watu wasizike mpaka apewe kuku. Nilivaa kanzu safi. Kabla ya kutoka nilifungua droo, nikatoa kikopo kile kilichopindika, nikakitia mfukoni, bado sijui nitakifanyia nini.

Kaburi lilichimbwa kwenye mteremko wa mlima, udongo wake una mawe mengi. Watu walikuwa wengi. Mzee wa alizeti alikuwepo, ameletwa na mwanawe, anatembelea fimbo, kwa sababu hakuwahi kumchukia dereva wake. Katekista alipomaliza sala yake, watu wakaanza kunitazama. Nikapanda juu ya rundo la udongo, nikakaa, nikashika jembe. Minong'ono ya furaha ikapita. Mtu akapaza sauti nyuma: "Mtani, tupe ya sigara!"

Walimaanisha ile ya gari. Ilikuwa imeshakuwa hadithi ya kuchekesha Kilimatinde nzima.

Nikasema, "Sigara haikuchoma gari. Gari nililichoma mimi."

Wakacheka.

"Nilitoa karatasi kwenye pakiti yake nikaiweka mahali pa fyuzi. Waya ulipogusa chuma haukuwa na kitu cha kuuzuia. Aliniuliza ikipata moto je, nikamwambia umeme aachie waliosoma. Alisema kweli barazani, mimi nikamgeuza kichekesho."

Kadiri nilivyosema ndivyo walivyocheka. Akina mama walishikana mabega. Mmoja alisema huyu mtani wa leo ni fundi kweli, amejitwisha mzigo wa marehemu. Mzee wa alizeti alicheka mpaka akakohoa. Kuku akaletwa, amefungwa miguu. Nikaelewa kwamba kwa miaka yote nilikuwa nimejenga nyumba isiyo na mlango, na niliyefungiwa ndani nilikuwa mimi.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja. Binti yake, yule wa sekondari, sasa mwanamke mtu mzima, alikuwa amesimama miguuni pa kaburi akinitazama usoni. Akaja mpaka kwenye udongo.

"Baba," akaniita, kama wanavyomwita mtu wa rika la baba yake. "Unatania au unasema?"

"Nasema, mwanangu."

"Basi waambie bila kuchekesha."

Sikujua namna. Uso wangu wenyewe ulikuwa uso wa mtani, na pale juu ya udongo hakuna ambaye angeuamini. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kikopo, nikateremka hatua mbili mpaka alipokaa mzee, nikakiweka kwenye kiganja chake. Alikisogeza karibu na macho. Mzee yule alikuwa amenunua fyuzi nyingi maishani mwake. Aliisukuma karatasi kwa ukucha, ikafunuka kidogo, ikang'aa, na kioo cha fyuzi iliyokatika kikaonekana ndani yake. Kicheko chake kilikoma, na waliokuwa karibu naye wakaacha kucheka kwa kumwona, na wa nyuma yao wakaacha, mpaka pakawa kimya kama kile cha barazani.

"Uliniambia ilikuwepo," mzee akasema.

"Nilikuongopea."

Hakunitukana. Aligeuka akalitazama jeneza.

"Aliniambia," akasema. "Alikaa pale chini kwenye mkeka wangu, mikono imeungua, akaniambia. Na mimi nikacheka."

Binti alikichukua kile kikopo kutoka mkononi mwa mzee, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Mtu akanipokonya jembe, taratibu, wakaanza kufukia. Yule kuku alikuwa bado amelala chini na miguu yake imefungwa. Hakuna aliyenipa, na mimi sikudai.